Mauzo ya Nyumba ya Verna Skoglund

Nordby, Minnesota
8 Aprili 1986

Shangazi Hedda mpendwa,

Salamu kutoka kwetu. Sote wazima, isipokuwa goti la Baba, ambalo anasema linajua hali ya hewa kuliko redio. Jumapili alikataa kusimama wakati wa nyimbo. Aliimba amekaa, tena kwa sauti ya kumkomoa mchungaji. Barafu ya ziwa imepasuka. Lile gari bovu tunaloliacha juu yake kila mwaka ili watu wabashiri siku litakapozama, lilizama Alhamisi. Baba alikosea kwa siku mbili tu na hajamsamehe aliyepatia.

Mimi na Duane tulimalizana mahakamani mwezi wa tatu. Yeye amechukua meza, viti sita na televisheni, mimi nimepata gari la mizigo na amani ya moyo. Nimepanga kile kinyumba cha manjano nyuma ya kiwanda cha maziwa, na bado naendesha basi la shule. Chakula nakilia juu ya ubao wa kupigia pasi. Si vibaya, ila lazima ule kwa uangalifu, supu hasa.

Sasa kilichonifanya nikae kuandika. Verna Skoglund alifariki tarehe kumi na saba Februari, usingizini. Labda umeshasikia. Hakuwa na mtoto, kwa hiyo nyumba imekwenda kwa Wendell, mpwa wake wa Chicago. Wendell amemkodi mama mmoja auze kila kilichomo ndani kwa siku mbili, tarehe mbili na tatu Mei. Milango itafunguliwa na mtu yeyote ataingia, atachagua, atalipa na kuondoka nacho. Mimi sijawahi kukanyaga mauzo ya namna hiyo. Marehemu Mama alikuwa akisema ni kazi ya kunguru. Lakini nahitaji meza, na aibu nimeiacha kwa Duane pamoja na viti.

Je, kuna kitu cha nyumba ile ungependa nikuchukulie? Baba anasema uliijua kuliko nyumba yako mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, akasema anakwenda kuangalia oili ya trekta. Trekta tuliiuza mwaka juzi.

Wako,
Marlys


Mesa, Arizona
17 Aprili 1986

Mpendwa Marlys,

Barua yako nimeipata. Mimi mzima. Joto limeanza, juzi nilisahau miwani ndani ya gari la jirani, na nilipoivaa iliniunguza pua. Kifua kimetulia. Daktari hana jipya la kuniambia na bado anataka nimwone kila mwezi. Mwambie Arvid aachane na magari ya kwenye barafu aende akapigwe picha hilo goti.

Duane kachukua viti sita? Mwache navyo. Anadhani atapata wageni.

Kuhusu mauzo, umeuliza kwa mtu anayejua. Huku watu huja wakiwa wazee, kwa hiyo kila Ijumaa kuna nyumba ya marehemu iliyo wazi, na mimi nimeshaingia zaidi ya mia moja. Fika kabla ya jua. Utapewa namba, na namba ndiyo itakayokuingiza mlangoni, basi usiipoteze na usimpe mtu akushikie. Chukua futi ya kupimia, tochi, na pesa taslimu. Kahawa kunywa kikombe kimoja, maana hawakuruhusu kutumia choo cha marehemu. Mlango ukifunguka wote watakimbilia sebuleni, kwa sababu vyombo vya kung'aa viko sebuleni. Wewe shuka chini. Chumba cha chini ya nyumba ndimo watu huweka vitu walivyovitumia kwa mikono yao. Ukipenda kitu, usikichekee wala usimwite mwenzako aje akione. Kiwekee mkono. Mkono ukishakuwa juu yake, hata aje gavana ni chako, mradi bei uwe nayo. Siku ya pili bei hushuka nusu, lakini kitu kizuri hakingoji siku ya pili.

Utaona nguo zake. Utaona miswaki. Usisimame ukaanza kuomboleza katikati ya njia, aliyekufa ameshaondoka na nyuma yako kuna watu wenye namba.

Nyumba hiyo sitaki kitu chake chochote.

Shangazi yako,
Hedda

Nyongeza: Kule chini, nyuma ya ngazi, kama kuna kitu kikubwa kimefunikwa shuka, kipite tu. Hakikuhusu.


Nordby
4 Mei 1986

Shangazi Hedda mpendwa,

Habari za kifua na za hilo joto? Sisi tuko salama. Mvua imenyesha wiki nzima, basi langu limezama matopeni mara mbili, na watoto walifurahi kuliko sikukuu. Baba amekwenda kupigwa picha ya goti. Daktari amesema ni uzee. Baba amesema daktari ndiye mzee.

Kwanza nikuambie nilichokiona: umeniandikia karatasi nzima, mbele na nyuma, na jina la Verna halimo hata mara moja. Hata pole hukusema. Nimeliona hilo, nimeliweka.

Nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri nikakuta watu kumi wameshatangulia, wana viti vya kukunja na chupa za kahawa kama wanasubiri mpira. Saa moja akaja yule mama anayeuza, Dolores Pruitt, mfupi, aproni ina mifuko minane, akatugawia namba. Mimi kumi na moja. Namba nne alikuwa bwana mmoja wa Minneapolis aitwaye Keating, mwenye koti la ngozi. Hakuna aliyemwuliza, lakini alitwambia wote kwamba ananunua vitu vya kale kwa ajili ya kupamba migahawa.

Saa tatu kamili mlango ukafunguliwa. Shangazi, uliniambia nitaona nguo, lakini hukuniambia zitakuwa na bei. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi. Kopo la vifungo. Chupa ya manukato iliyobaki robo. Ndara zake zilikuwa bado zimeshika umbo la vidole, na zenyewe zilikuwa senti ishirini na tano. Mama mmoja mnene alikuwa mbele ya kioo amevaa koti la kijivu la Verna, lile ambalo nimeliona benchi la mbele kanisani maisha yangu yote. Akanigeukia.

"Dada, niambie ukweli. Linanikaa?"

Nikamwambia linamkaa. Na lilimkaa kweli, ndilo lililonichoma. Nilitaka kutoka. Nikayakumbuka maneno yako, nikashuka chini.

Kule chini nilikuwa peke yangu na mitungi ya matango. Nyuma ya ngazi niliona shuka. Uliniandikia nipite. Shangazi, umeshawahi kumwambia mtu apite, akapita?

Ni mtambo wa kufumia. Mpana kama kitanda cha watu wawili, na mbele yake benchi la watu wawili. Juu yake kuna zulia la matambara, buluu na kahawia, limefumwa hadi katikati likaachwa. Nyuzi za mtande bado zimekazwa kutoka mbele hadi nyuma kama za kinanda. Nilipitisha kidole. Vumbi hakuna. Vyuma vimepakwa mafuta. Nikapiga magoti, nikamulika chini ya benchi kwa tochi, nikasoma: O. Engebretson 1934. Babu!

Sikucheka wala sikumwita mtu. Nikaweka mkono.

Bwana Keating akashuka saa ileile, ameshika saa ya ukutani kwapani.

"Ahaa. Huo ni wangu, dada."

"Sijaona jina lako," nikamwambia. "Nimeona la babu yangu."

"Mimi namba nne, wewe namba ngapi?"

"Kumi na moja. Na mkono wangu uko hapa tangu ulipokuwa juu unabembeleza saa."

"Unajua kufuma?"

"Sijui."

"Sasa utaufanyia nini?"

"Hilo angeuliza anayeuza. Wewe si muuzaji."

Akacheka, akaanza kunieleza kwa upole, kama mtu anayeeleza mtoto. Angeusimamisha kwenye mlango wa mgahawa, juu yake maboga na taa ndogondogo. Hilo zulia halina faida, limekaa kuozea. Akatoa kisu cha mfukoni, akakifungua, akanionyesha jinsi nyuzi zinavyokatika kirahisi. Kisu hakijagusa uzi, mimi nilishakaa kwenye benchi. Uzito wangu wote, na unaujua.

"Dolores!" akaita. Dolores akashuka, na nyuma yake nusu ya nyumba.

"Nani ameshika kwanza?"

"Ameshika yeye, lakini mimi ni namba nne!"

"Namba ni ya mlangoni, bwana. Humu ndani ni mkono."

"Nalipa mara mbili."

"Siku ya kwanza sipandishi wala sishushi."

"Mama, fikiria kidogo..."

"We bwana," akadakia yule mnene mwenye koti la Verna, "si unaona dada wa watu ameshakaa? Unataka umnyanyue na benchi?"

Wakacheka wote. Bwana Keating akapanda na saa yake. Nikalipa kwa pesa ya meza. Kwa hiyo ubao wa pasi na mimi tunaendelea.

Sasa kuna tatizo. Mtambo haupiti kwenye ngazi bila kufunguliwa vipande, na haufunguki bila kukata mtande, yaani kulikata zulia katikati ya safari yake. Wendell amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nimevunja neno lako na sijuti, ila nataka kujua kitu kimoja. Kwenye benchi, upande wa kushoto mbao zimelika kwa kukaliwa. Wewe ni wa mkono wa kushoto. Ni wewe uliyekuwa ukikaa pale?

Wako,
Marlys


Mesa
15 Mei 1986

Marlys,

Machungwa yamekwisha mtini. Bi. Ortega wa mlango wa pili amevunjika nyonga, nampelekea chakula, na anakilalamikia. Joto ni lilelile.

Kuhusu ulichouliza: kata. Kisu chochote chenye makali kinatosha. Anzia pembeni. Kisha nunua meza kama nilivyofikiri ulikwenda kununua.

Usiniandikie tena habari za mtambo.

Hedda


Nordby
22 Mei 1986

Shangazi Hedda mpendwa,

Mpe pole Bi. Ortega. Baba anakusalimu, na kama kawaida hakusema zaidi ya "nisalimie". Mirungurungu imechanua mbele ya shule. Sijui kama hilo ndilo jina lake, ni yale maua ya zambarau uliyokuwa ukimwandikia Mama kwamba unayakosa.

Sikukata.

Kasirika, ninakupa nafasi. Ukishamaliza endelea kusoma.

Siku mbili baada ya mauzo Dolores Pruitt alikuja kwangu na sanduku la mbao. Akakaa sakafuni kwa kukosa kiti, akakataa kahawa mara mbili kisha akanywa vikombe vitatu. Akasema, "Dada, kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tisa. Nimeuza meno ya bandia. Nimeuza barua za mapenzi kwa kilo. Lakini hiki nilikipa bei, kisha nikaitoa. Nimeona kinakwenda na mtambo wako."

Ndani yalikuwa madonge ya matambara, ishirini na manne. Kila moja lina karatasi iliyobanwa kwa pini, na kila karatasi ina mwaka kwa mwandiko wa Verna. 1962. 1963. Hivyo hivyo hadi 1985. Nililifungua moja tu, la 1971. Lilikuwa kijani, na kijani kile nilikijua: ni mapazia ya kanisa, mwaka ule walipoyabadilisha. Yamekatwa upana mmoja na kushonwa ncha kwa ncha, tayari kwa kufumwa. Mengine sijayagusa, ila kwa nje naona gauni lake la maua, suruali za kazi, kitu kama shuka za mama yake. Miaka ishirini na minne mtu anaandaa matambara ya zulia asilolifuma, na anapangusa vumbi la mtambo asioukalia. Wewe ndiye unayejua alikuwa akimngoja nani. Mimi nabahatisha tu.

Nilimfuata Baba jikoni nikashika funguo za gari lake ili asiende kuangalia oili. Akanitazama, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi, akasema, "Ilikuwa waende wote wawili. Tiketi zilikuwa mbili." Baada ya hapo hata kwa koleo sikumtoa neno.

Nyumba imeshanunuliwa na wenye ndoa changa, Gary na Peggy Lund. Nilikwenda kuzungumza nao. Wanangoja hadi tarehe thelathini Juni. Baada ya hapo anaingia fundi wao wa kujenga chumba, na fundi huyo atakuwa na msumeno.

Mimi siwezi kufuma peke yangu, Babu hakuutengeneza kwa mtu mmoja. Sijui hata ni wapi pa kuweka miguu. Na wewe huwezi kuniamuru kukata kwa stempu ya senti ishirini na mbili. Ukitaka mtande ukatwe, njoo uukate mwenyewe. Nitakushikia tochi.

Wako, na bado nakupenda,
Marlys


Mesa
9 Juni 1986

Mpendwa Marlys,

Barua yako imekaa mezani siku kumi na tatu. Nimekula nayo kifungua kinywa. Mimi mzima. Bi. Ortega anatembea kwa fimbo na anagombana na daktari, kwa hiyo amepona. Hayo maua yana jina lingine kabisa. Hilo umelitunga, lakini nimeelewa ni yapi.

Ndiyo, upande wa kushoto ni wangu. Tulifuma pamoja miaka kumi na sita. Mmoja anarusha kibao chenye tambara, mwenzake anakidaka, anakirudisha, mnakanyaga pamoja, mnapiga pamoja. Tukifuma, watu walisimama barabarani wakisikiliza, maana hatukuwahi kupishana pigo. Mwaka 1961 daktari akasema kifua changu hakitavuka baridi nyingine ya Minnesota. Tukaamua kuja huku wote wawili na kufungua duka la mazulia. Tiketi zilikuwa mbili, Arvid hakudanganya. Wiki ya mwisho Verna akabadilika. Nikanyanyuka kwenye benchi katikati ya mstari, nikaenda nyumbani kufunga sanduku. Basi. Sikumwandikia, naye hakuniandikia, na kila mmoja alikuwa na anwani ya mwenzake.

Nilijua ameukata mtande. Nilikuwa na hakika kwamba asubuhi iliyofuata alichukua kisu akakata, akauweka uzi mwingine, akaendelea na maisha yake. Nimemkasirikia kwa hilo miaka ishirini na mitano. Sasa unaniambia hakukata. Hasira ile sina tena pa kuiweka, Marlys, na nimeizoea, ni kama samani ya nyumba.

Nakuja. Ndege sipandi, nitakuja kwa basi. Nafika Jumanne tarehe kumi na saba, saa nane mchana. Usije na watu, usije na maua. Muulize huyo Peggy kama dirisha la chini linafunguka, kwa sababu ya vumbi la nguo. Nitafutie vitambaa vya kufunga puani. Wewe utakaa upande wa kulia. Kata kucha.

Shangazi yako,
Hedda


Nordby
6 Julai 1986

Shangazi Hedda mpendwa,

Natumaini ulifika salama na kwamba dereva hakukulazimisha kuweka zulia kwenye buti. Peggy Lund aliona ulivyolikumbatia kwenye kiti cha basi, akaniuliza kama ni mtu. Nikamwambia ni wawili.

Mikono bado inaniuma. Siku ya kwanza nilidhani utanipiga na kile kibao, siku ya tatu nilidhani nitakupiga mimi. "Usikifukuze, kingoje! Kingoje!" Nasikia sauti hiyo hata nikiendesha basi. Lakini siku ya tano, unakumbuka, mchana, tuliingia kwenye donge la 1971, na kwa mistari kama arobaini hukunikemea hata mara moja. Gary alikuwa juu anapaka rangi. Ameniambia juzi kwamba aliacha brashi akakaa kwenye ngazi kusikiliza. Hakushuka kwa sababu aliogopa tutanyamaza.

Mtambo umetoka, vipande vipande, tarehe ishirini na nane. Baba alisimamia. Hakuruhusu mtu abebe benchi isipokuwa yeye, na goti lake. Sasa uko kwenye banda langu la gari, na gari linalala nje. Dolores Pruitt anakuja kila Alhamisi. Upande wako ndio wake, na usiumie, ana kipaji. Anasema miaka kumi na tisa ameuza vitu vya watu na hajawahi kutengeneza hata kimoja. Bwana Keating alimpigia simu kuuliza kama yule dada mwenye kichwa kigumu ameshachoka. Dolores akamjibu kwamba tunamwekea nafasi ya kununua zulia, kwa bei ya Minneapolis.

Meza nimepata. Gary alikuwa na mbao zilizobaki.

Siku ile ya mwisho uliniomba nikusubiri nje ya makaburi. Ulikaa dakika arobaini. Uliporudi ulisema tu, "Jiwe wameliandika vizuri," ukafunga mkanda. Siulizi ulichomwambia.

Naona nimeuliza.

Wako,
Marlys


Mesa
19 Julai 1986

Mpendwa Marlys,

Nilifika salama. Joto limefika pale ambapo watu huacha kulitaja. Kifua kilikoroma siku nne kisha kikanyamaza. Daktari aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia kazini. Bi. Ortega amelipapasa zulia mara tatu na amesema la kwao Sonora ni zuri zaidi. Jumatatu nimeweka tangazo ukumbini kwamba nafundisha kufuma. Wamejiandikisha wanawake watatu, na mmoja wao haoni vizuri. Arvid nimempigia simu. Tumezungumza dakika sita, rekodi ya ukoo wetu.

Mwambie Dolores akanyage kwa unyayo, asikanyage kwa vidole.

Uliyouliza nitakujibu, kwa sababu umefanya kazi siku tisa na hukuomba malipo. Lakini nikishajibu usinirudishe huko.

Nilikuandikia kwamba Verna alibadilika. Nimesema hivyo kwa kila mtu tangu mwaka ule, hata kwa Arvid, mpaka nikaamini. Ukweli ni kwamba hakukataa kuja. Mama yake alikuwa ameanguka, na yeye alikuwa na hofu, na pale kwenye benchi akaniambia, "Hedda, tumalize kwanza hili. Nipe wiki mbili." Hayo tu. Mimi nilikuwa nimeshapanga siku, nimeshawaaga watu, nilikuwa na miaka arobaini na miwili na sikuwahi kuondoka popote. Nikamwambia, ama Jumamosi ama basi. Yeye akakitazama kibao mkononi mwake. Nikanyanyuka.

Wiki mbili, Marlys. Tulilimaliza kwa siku tisa, na mmoja wetu alikuwa hajui kufuma.

Makaburini nilimwambia hivyo. Nilimwambia zilikuwa siku tisa, na kwamba nimeona mafuta kwenye vyuma. Mengine nilikaa tu. Ardhi ilikuwa kavu, ilikuwa pazuri pa kukaa.

Kwenye basi sikulia Minnesota, sikulia Iowa. Nilianza Omaha na sikuacha Nebraska nzima, na Nebraska ni ndefu. Mama mmoja wa kiti cha pembeni alinipa leso zake zote kisha akahamia kiti cha nyuma. Tulipoingia Colorado kukapambazuka, nikaona nina njaa ya mtu aliyelima. Nikafungua kile kifuko ulichonifungia, nikala sandwichi za mayai, zote nne.

Hukutia chumvi. Nilikula mpaka makombo.

Shangazi yako,
Hedda